Bi Harusi na Neno Basi

Jina lake la utani lilikuwa Mbio, na halikumsumbua mtu mpaka alipoajiriwa mahali ambapo kukimbia kumepigwa marufuku. Getini pana kibao: TEMBEA. USIKIMBIE. USIPAZE SAUTI. Siku ya kwanza Mbio alikisoma, akacheka kwa nguvu peke yake, akaingia haraka haraka na kusahau kufunga geti. Kabla hajayafikia mabanda alikuwa ameshavunja amri zote tatu, na ya nne ambayo haikuandikwa.

Jina hilo alikuja nalo kutoka kazi ya zamani. Tangu ana miaka ishirini na mitano alikuwa mtunza farasi wa mashindano. Alifagia mabanda, alichota maji, alisugua migongo, aliwatembeza farasi waliotoka kukimbia mpaka jasho liwakauke, na kwa miaka thelathini alijisifu kwamba hakuna farasi aliyeumwa mbele yake asimjue. Akisikiliza tu kwato zikigonga saruji anakwambia ni mguu upi una shida. Kisha uwanja ukafungwa, farasi wakauzwa, watunzaji wakaagana. Wenzake waligeuka pembeni kujifuta macho. Mbio alilia waziwazi katikati ya njia, maana bwana huyu hajui kulia kwa siri wala kufurahi kwa siri. Mkewe ni fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, na husema mume wake asicheze karata na mtu, watamvua hata shati.

Kazi mpya aliipata kwenye kituo kidogo nje ya mji: mabanda machache, ghala la majani, chumba cha matandiko ya farasi, na kiwanja cha mchanga cha pembe nne kilichozungushiwa ua wa mbao. Vijana wenye usonji huja hapo mara moja kwa wiki, kila mmoja na siku yake. Wanamsugua farasi, wanamlisha, wanamwongoza kwa kamba, na anayekuwa tayari anapanda. Msimamizi ni mtaalamu wa tiba, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye Mbio anamwita Daktari hata baada ya kuambiwa mara mia kwamba yeye si daktari. Alimweleza mapema kuwa hapo hawamponyi mtu usonji, kwa sababu usonji si homa. Kazi yao ni kumtafutia kijana mahali ambapo mwili wake unatulia na ulimwengu haumpigii kelele. Mbio aliitikia kwa kichwa, akaelewa nusu. Nusu ya pili ilimchukua mwaka.

Farasi walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mdogo wa kubeba watoto. Wa pili alikuwa dume refu, zuri la kupigwa picha, lakini lilikimbia hata mfuko wa plastiki ukipeperuka. Wa tatu ndiye aliyekifanya kituo kiwe kituo: jike la kijivu la miaka kumi na tisa, jina lake Bi Harusi, kwa sababu ya mwendo wake. Hatua moja, anafikiri. Hatua ya pili, anatazama wageni waalikwa. Wiki ya kwanza ya kumwongoza, Mbio alikuwa akiufikia mwisho wa kamba na kurudishwa nyuma kwa bega. Wafanyakazi wakamwambia kweli mzoea punda hapandi farasi, na mzoea farasi wa mbio hamwezi Bi Harusi.

Alimweza, tena akampenda. Na katika kumpenda huko akaleta kanuni ya neno basi.

Kule kwenye mashindano aliwahi kumwona kijana mwanafunzi akipiga kelele juu ya farasi, watu wakidhani anafurahia, mpaka alipoanguka akavunjika mkono. Kwa hiyo alipofika kituoni alidai liwepo neno moja, fupi, ambalo farasi, mwongozaji na mpanda wote wanalijua. Farasi akiambiwa "haya", anakwenda. Akiambiwa "basi", anasimama papo hapo, hata kama mguu bado uko hewani. Na mpanda akisema "basi", anashushwa, hakuna kumbembeleza, hakuna cha mzunguko mmoja wa mwisho. Mtaalamu aliipenda kanuni hiyo, maana vijana wengi wanaokuja pale wamezoea kukataa jambo na watu wazima wasiwasikie. Yeye akaongeza la kwake: mpanda akisema basi siku tatu mfululizo, msimu huo hapandi tena, nafasi anapewa mwingine, kwani orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu. Yote yakaandikwa kwa wino mwekundu kwenye ukuta wa chumba cha matandiko. Aliyeshika kalamu alikuwa Mbio.

Bi Harusi alilijua neno lake kuliko watu wanavyojua majina yao. Ikabidi kiwanjani kila mtu auchunge ulimi. Mgeni akiaga kwa kusema "haya basi", Bi Harusi alianza safari na kuimaliza hapo hapo. Mbio alijivunia jambo hilo kama mzazi ambaye mwanawe amekuwa wa kwanza darasani.

Ndipo akaja binti wa kinyozi.

Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwembamba, na aliletwa kila Alhamisi na baba yake, mtu mpole mwenye saluni ya viti viwili. Siku ya kwanza binti aliwapita watu wote bila kuwatazama, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo nne zilizopangwa nje ya banda la Bi Harusi. Mshikio wa ndoo moja ulikuwa umelalia upande tofauti na mingine. Akaulaza sawa. Akarudi nyuma, akazikagua zote nne, kisha akakubali kuingia. Mbio, ambaye ndoo hizo alizipanga yeye na alikuwa akikaripiwa juu yake kila siku, alimgeukia kinyozi akasema leo kituo kimepata bosi. Kinyozi alicheka mpaka akashika ua, na tangu siku hiyo binti akawa Bosi.

Bosi hakuwa na maneno mengi, na aliyokuwa nayo hayakuwa yake. Akiridhika na kitu alisema, "Pembeni punguza, juu acha," maneno ya wateja wa baba yake. Akitaka kukaa alisema, "Karibu kiti." Kinyozi aliwafafanulia mapema, kwa utaratibu wa mtu ambaye ameeleza jambo hilo katika ofisi nyingi.

"Maneno anaazima," alisema. "Ukitaka kujua anasema nini, tafuta kwanza ameyaokota wapi."

Mtaalamu aliandika. Mbio aliitikia ndiyo ndiyo, huku akili yake imeshatangulia kwenye kabati la brashi.

Na ilikuwa raha kumwona Bosi na brashi. Alisugua kwa mistari, kutoka shingoni kwenda nyuma, mstari chini ya mstari, bila kuruka hata unywele, akimaliza upande wa kushoto anahamia wa kulia. Bi Harusi alilegeza mdomo wa chini na kusinzia. Mbio aliyaangalia hayo kwa furaha iliyomwasha miguu, akawa anabadilisha mguu huu na ule kama mtu anayesubiri choo. Kila Alhamisi jioni mkewe alikuwa akisimuliwa farasi mzima, mstari kwa mstari, mpaka siku moja akamuuliza kama na mkia utafika leo au anaweza kwenda kulala.

Jambo moja tu lilimshangaza Mbio, na hakulipa uzito. Kuanzia wiki ya tatu, Bosi alikuwa akiacha sehemu bila kusugua, upande wa kulia, nyuma ya mguu wa mbele, mahali pa ukubwa wa kiganja. Brashi ilifika hapo, ikazunguka, ikaendelea mbele. Mbio alidhani anasahau. Kila akiondoka, yeye alipapitia mara mbili haraka haraka huku akizungumza na mtu mwingine. Bi Harusi alilaza masikio nyuma. Mbio akamwambia huo ni uzee, bibi, na akaenda zake.

Shida kubwa ilikuwa kofia ngumu ya kupandia, kwani bila kofia hakuna kupanda, na Bosi hakutaka kitu chochote kimguse kichwa. Baba yake ananyoa mtaa mzima, lakini nywele za binti yake anazipunguza unywele kwa unywele, siku akiruhusiwa. Kofia ilitundikwa msumarini karibu na mlango wa banda, na mtaalamu akakataza mtu yeyote kuitaja. Wiki ya sita Bosi alimaliza kusugua, akaitungua kofia mwenyewe, akaivaa mbele nyuma. Mbio alipiga mbio za kweli kutoka ghalani mpaka kiwanjani kumwita mtaalamu, na mara hii hakuna aliyemkaripia.

Akapanda. Palikuwa na kijukwaa cha ngazi tatu, na Bosi alizipanda zote tatu, akapitisha mguu, akakaa. Mgongo wake ukanyooka. Vidole vyake, ambavyo huwa vinacheza muda wote, vikatulia juu ya manyoya ya shingo. Kinyozi, nje ya ua, alishika mbao kwa mikono miwili. Mbio alishika kamba upande wa kushoto, mtaalamu akatembea upande wa kulia akiwa ameegemeza mkono kwenye goti la Bosi, na Mbio akasema "haya" kwa sauti iliyokwaruza kwa furaha. Wakaenda. Walipita lango, wakapita kivuli cha ghala, wakafika kona ya mbali penye tangi la maji, ambapo njia inapinda.

"Basi," akasema Bosi.

Bi Harusi akasimama. Kanuni ni kanuni. Mbio akarudisha kijukwaa, wakamshusha. Lakini Bosi hakuonekana kama mtu aliyepata alichotaka. Alijaribu kurudi kwa farasi, akazuiwa kwa upole, akang'ata mgongo wa mkono wake mpaka nyumbani.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa vilevile, kona ileile, neno lile lile, mara mbili. "Basi, basi." Aliposhushwa alijipiga kofia kwa viganja, na baba yake alikaa naye mchangani nusu saa nzima kabla hajaweza kuinuka.

Mtaalamu hakuwa mtu wa kufurahia habari mbaya. Alimwambia kinyozi kwamba imebaki Alhamisi moja. Binti akisema basi tena, ina maana kupanda hakumfai kwa sasa, na kumlazimisha ni kumvunjia ahadi aliyopewa. Atarudi kwenye orodha, pengine mwakani. Kusugua nako kulikuwa hatua ya kuelekea kupanda, na siku yake angepewa kijana mwingine. Kinyozi alikubali yote. Alishukuru hata. Kisha, akiwa ameshafika getini, alirudi hatua mbili akamwambia Mbio jambo ambalo hakumwambia mtaalamu.

"Mzee wangu, nyumbani kwetu siku zote zilikuwa sawa. Sasa kuna Alhamisi. Jumatano jioni mwanangu anaweka viatu vyake mlangoni, pua zimetazama nje. Sijui mwakani nitamwambia nini kuhusu viatu."

Mbio aligeuka akakitazama chumba cha matandiko. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye kisima chake alikichimba kwa wino mwekundu.

Jumatano jioni alikuwa nyumbani, amekaa kwenye benchi karibu na cherehani, anamlalamikia mkewe. Aliapa kwamba binti yule anataka kupanda, kwamba anauona mgongo wake, kwamba mtu asiyetaka hakai hivyo, na bado neno linamtoka mwenyewe kinywani, sasa afanye nini? Mkewe alikuwa akipinda pindo la sketi na kuitikia mm, mm. Mjukuu wao wa miaka miwili, aliyekuwa akikimbiza gurudumu la uzi chini ya meza, akagonga paji la uso kwenye chuma cha cherehani na kuangua kilio. Bibi yake akamwinua, akamlaza begani, akampigapiga mgongoni.

"Basi, mama. Basi, basi. Yameisha."

"Hilo neno lisitajwe humu ndani," alisema Mbio, naye hakuwa anatania sana.

"Wewe na farasi wako," alijibu mkewe, akaendelea kumpigapiga mtoto mpaka akanyamaza.

Alhamisi hiyo Mbio alifika kazini mapema mno, shati amelivaa ndani nje, na ndoo nne alizipanga kwa kamba ya kupimia. Mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kumtisha. Bosi alikagua ndoo, akasema, "Pembeni punguza, juu acha." Alisugua. Alivaa kofia, mara hii mbele mbele. Alipanda bila kusubiri kuambiwa. Mbio alimnong'oneza Bi Harusi kwamba leo wasimwaibishe mtu. Kisha akasema haya.

Lango. Kivuli cha ghala. Mbio hakuwa akitazama njia, alikuwa akitazama nyuma, amegeuza shingo, anauangalia mdomo wa Bosi. Tangi la maji likakaribia. Njia ikaanza kupinda.

"Basi," akasema Bosi. "Basi, basi."

Bi Harusi akasimama. Mtaalamu akafumba macho kidogo, akayafumbua, akaenda kuleta kijukwaa. Mbio akainua mikono kumpokea binti, na kwa sababu mikono ilikuwa juu na macho yalikuwa juu, kwa mara ya kwanza aliona mkono wa Bosi ulikuwa wapi. Ulikuwa kwenye shingo ya Bi Harusi. Ulikuwa unapigapiga, taratibu, kiganja bapa, mara tatu, unapumzika, mara tatu.

Mbio akabaki na mikono hewani.

"Daktari, ngoja. Usimshushe."

"Mzee, amesema basi. Kanuni umeiandika wewe."

"Najua niliyoiandika. Ngoja kidogo tu." Akageuka kwenye ua, akapaza sauti aliyokatazwa. "Kinyozi, mtoto huyu alipokuwa mdogo akilia mlimbembelezaje?"

Kinyozi alifungua mdomo kuuliza swali hilo lina maana gani, halafu akauona mkono wa binti yake. Kiganja chake mwenyewe kikaanza kupiga mbao za ua, taratibu, mara tatu, kikapumzika, mara tatu.

"Basi, basi," alisema. "Mpaka leo ndivyo ninavyombembeleza."

Hapo kiwanja kizima kikaelewa. Binti hakuwa akiomba kushuka. Siku zote tatu alikuwa akibembeleza, na kila alipoanza kubembeleza walimnyakua na kumwacha anayelia peke yake. Swali likabaki moja, nani analia? Mbio alilijibu kwa mikono. Aliinama upande wa kulia, akalegeza kidogo mkanda wa tumbo unaoshika tandiko, akapitisha vidole nyuma ya mguu wa mbele, pale pa ukubwa wa kiganja ambapo brashi ya Bosi ilikuwa ikizunguka. Juu palikuwa laini, hapakuwa na kidonda wala manyoya yaliyonyofoka. Ndani, chini ya ngozi, palikuwa na uvimbe kama punje ya harage. Alipobonyeza, Bi Harusi alilaza masikio na ngozi yote ya ubavu ikatetemeka. Kwenye njia iliyonyooka mkanda ulipita juu yake bila kitu. Kwenye kona, mwili ukipinda, mkanda ulikuwa ukiubana.

Miaka thelathini. Kwato kwenye saruji. Mguu upi una shida. Mbio aliyakumbuka majigambo yake yote kwa mpigo, akaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na juu ya aibu hiyo, usiniulize vipi vilikaa pamoja, ikamjaa furaha iliyomfanya atake kukimbia kiwanja kizima.

"Ameniambia wiki sita," alimwambia mtaalamu. "Kwa brashi, kisha kwa mdomo. Mimi ndiye wa kushushwa hapa."

Bosi alishushwa, kwa sababu farasi anayeumwa habebi mtu, lakini safari hii hakuondolewa. Tandiko lilitolewa pale pale, na yeye akaachwa asimame shingoni kwa Bi Harusi, ampigepige kadiri atakavyo. Hakung'ata mkono. Baada ya muda alisema, "Karibu kiti," akakaa mchangani karibu na kwato, na watu wazima watatu, bila kushauriana, wakakaa pia.

Daktari wa mifugo alisema uvimbe utaisha kwa dawa na wiki tatu za kutobeba tandiko, na baada ya hapo mkanda uwe mpana, wa kitambaa laini. Mkewe Mbio alijitolea kuushona, baada ya kumkumbusha mume wake nani alikuwa akisema neno basi na nani alilikataza. Mtaalamu naye aliamua lake. Siku tatu zile hazihesabiwi, nafasi ya Bosi inabaki, lakini si kwa kumwonea huruma mtu. Binti hatanyang'anywa neno analobembelezea, maana maneno yake ni machache. Farasi ndiye atakayebadilishiwa. Mpanda atakayetaka kushuka atainua mkono juu, na Bosi alijifunza hilo kwa siku moja tu. Bi Harusi atasimama kwa neno jingine, na "basi" halitamhusu tena. Na kwa kuwa yule mdogo hambebi mtu mzima na yule dume ana wazimu wa mifuko ya plastiki, Bi Harusi asipojifunza ndani ya wiki tatu hizo, Bosi hana farasi, na nafasi itakwenda bure.

Samaki mkunje angali mbichi, walimwambia Mbio. Ng'ombe hazeeki maini, aliwajibu, akaanza kesho yake alfajiri.

Zilikuwa wiki za vichekesho. Neno jipya lilikuwa "simama", na Bi Harusi alilipokea ndani ya siku nne, kwa sababu kusimama ni kipaji chake. Kazi ilikuwa kulifuta la zamani. Mbio alimwongoza uwanjani bila tandiko, asubuhi na alasiri, akisema basi, na kila akisimama anamwambia "haya" na kumvuta kidogo, na kila asiposimama anampa kipande cha karoti. Ndipo Mbio alipogundua ni mara ngapi kwa siku mtu husema neno hilo. Basi sawa. Basi twende. Kama ni hivyo basi. Alizungumza kwa simu huku ameshika kamba, akaagana na shemeji yake, na Bi Harusi akaagana naye pia. Siku ya kumi alisimama mara kumi na mbili. Siku ya kumi na tano, mara nne. Mbio alirudi nyumbani akimhesabia mkewe kabla hajavua viatu. Siku ya kumi na tisa alisema basi kutoka asubuhi mpaka koo likakauka, na Bi Harusi hakusimama hata mara moja. Aliruka peke yake mchangani, mwanamume wa miaka hamsini na saba.

Lakini yule aliyesema ni Mbio. Hakuna aliyejua farasi atafanya nini neno likitoka juu ya mgongo wake, mahali alipolizoea miaka yote. Mtaalamu hakutaka kulijaribu na kijana mwingine. Litajulikana Alhamisi.

Alhamisi ilifika. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Mkanda mpya ulikuwa mpana, na ndani yake mshonaji alikuwa ametia mishono iliyonyooka, mstari chini ya mstari, kwa kuwa alikuwa amesimuliwa vya kutosha. Bosi alimsugua Bi Harusi mzima, kushoto na kulia. Mbio aliisindikiza brashi ile kwa macho mpaka nyuma ya mguu wa mbele. Haikuzunguka. Ilipita pale pale juu, mara moja, mara mbili, na masikio ya Bi Harusi hayakusogea. Mbio alimtazama mtaalamu, mtaalamu akamtazama Mbio, na wote wawili wakajikausha kama watu wasioona kitu.

Kofia. Ngazi tatu. Mgongo ukanyooka.

"Haya," alisema Mbio.

Lango. Kivuli cha ghala. Kinyozi alitembea nje ya ua sambamba nao, hatua kwa hatua, akisahau kwamba wazazi huwa wanaambiwa wabaki wamesimama. Tangi la maji. Njia ikapinda, na kona ikaanza, ikafika katikati, ikaisha. Bosi hakusema kitu. Hakukuwa na wa kubembelezwa. Bi Harusi alikuwa akitembea ameshusha kichwa, mkia umelegea, na mbele yao palikuwa na mchanga wa upande wa pili wa kiwanja, ambao Bosi hajawahi kuukanyagisha farasi.

Hapo Mbio yakamshinda. Alijaribu kukohoa. Alijaribu kutazama ghala. Lakini imeshaelezwa kwamba mtu huyu hajui kulia kwa siri, na machozi yakamtoka pamoja na sauti, mabega yanatikisika, kamba imeshikwa mkononi, miguu bado inakwenda kwa sababu ameapa haitasimama kabla ya lango.

Kikaja kiganja. Kilimfikia kutoka juu, bapa, kwenye kofia yake ya kitambaa iliyochakaa, mara tatu, kikapumzika.

"Basi," alisema Bosi. "Basi, basi."

Mguu wa mbele wa Bi Harusi ulibaki hewani. Nje ya ua kinyozi alisimama.

Bi Harusi akageuza sikio moja nyuma, akasikiliza neno limekwenda kwa nani. Kisha akaushusha mguu mchangani, mbele ya mwenzake, akaendelea kutembea.